Nahodha wa Mlandege

Mlandege, Iringa mjini, hakuna bahari wala ziwa. Kuna vumbi kiangazi, kuna tope masika, na Mto Ruaha Mdogo unapita zake kule chini Ipogolo bila kumsumbua mtu. Lakini nahodha yupo. Shuka stendi uulize, "Nahodha anapatikana wapi?" na mtu yeyote atakunyooshea kidole bila kucheka, moja kwa moja mpaka kwenye banda la mabati lenye maandishi mekundu: TUNATENGENEZA NA TUNAPANDA. Ukiingia utaona miguu miwili imetokeza chini ya dashibodi ya lori. Isalimie hiyo miguu, itakujibu.

Mwenye miguu ni Aroni Kalinga, fundi umeme wa magari, miaka hamsini na sita, mzee wa kanisa katika usharika wake na sauti ya nne, ile nzito ya chini, kwenye kwaya. Kwa kazi yake simtanii. Akiinusa waya iliyoungua anakwambia imeungua lini. Madereva wa malori ya Tunduma wanazipita gereji tatu nzuri ili wafike kwake, na sababu ni yale maandishi ya ukutani. Mafundi wengine wakimaliza kazi wanakupungia mkono, safari njema. Aroni akimaliza anajifuta grisi, anapanda kando ya dereva, mnashuka naye hadi Ipogolo na kupandisha tena, taa zote zinawaka, honi inalia, naye amekunja mikono kifuani kama bwana harusi anayepigwa picha. Kama kuna kitu kitaungua, kitaungua yeye akiwa ndani. Ndiyo desturi yake, na alikuwa ameipigia kelele miaka mingi mno, kiasi kwamba hakujiachia mlango wa kutokea.

Sasa hilo jina la Nahodha. Mwaka wa tisini na tano kijana Aroni alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akayatafuta miezi minane. Alifanya kazi kwenye gereji iliyopakana na ukuta wa bandari, akitengeneza umeme wa foklifti, vile vigari vya kuinulia mizigo. Meli alikuwa anaziona mabomba ya moshi tu, juu ya ukuta. Jumapili moja alipanda pantoni kwenda Kigamboni, safari ya dakika kumi, akatapika dakika tisa. Kurudi alizunguka kwa barabara nusu siku. Huo ndio ubaharia wake wote, mwanzo hadi mwisho.

Akarudi Iringa, akampenda Evarista wa Nyololo, na ukoo ukamtuma mshenga. Mshenga alikuwa binamu yake Philbert, mtu ambaye akikuuzia kuku anakwambia anataga asubuhi na jioni. Kwa desturi, Aroni mwenyewe hakuwepo. Baba wa binti, Mzee Gerson, akauliza kijana wenu alikuwa anafanya kazi gani huko Dar, na Philbert, badala ya kusema foklifti, alisema: "Fundi umeme wa meli. Meli za ng'ambo haziondoki mpaka yeye aseme ndiyo." Aroni aliyasikia hayo baadaye, barua ikiwa imeshapokelewa, na maneno ya posa hayarudishwi dukani kama kiatu kinachobana.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Aroni alikonda mpaka mkanda ukaongezwa matundu mawili. Lilipokuja lilikuwa ndiyo, naye akakaa chini kuwaza: watu wa maana, binti anayetazamwa na Nyololo nzima, na yeye hana shamba wala ng'ombe. Wamemkubalia nini? Meli. Tangu siku hiyo aliamini kwamba ndoa yake imekaa juu ya meli ambazo hajawahi kuzipanda, na siku meli hizo zikiondolewa, ndoa itaanguka. Kwa hiyo hakusahihisha. Mwanzo alinyamaza tu. Baadaye, watu wakimwuliza sana, akawa anaongeza kidogo: dhoruba ndogo karibu na Komoro, jenereta iliyozimika, yeye na tochi mdomoni. Kila mwaka dhoruba iliongezeka upepo.

Evarista alizisikiliza dhoruba hizo bila kusema neno. Ni fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mahindi mengi. Hindi lake hulila mstari kwa mstari; hagusi mstari wa pili kabla wa kwanza haujaisha, na akiwa katikati ya mstari haongei, hata mchungaji awepo. Alikuwa na mambo mengine ambayo Aroni hakuyaelewa. Tangu waoane alilala upande wa mlango, na walipohama nyumba alihama na upande wake. Tena katika miaka ishirini na tisa Aroni hakukanyaga Dar. Kila alipopanga kwenda kuchagua spea mwenyewe, kitu kilizuka. Mbuzi kaumwa. Paa linavuja. Mama anakuja kutoka Nyololo. Mwaka mmoja Evarista mwenyewe aliumwa jino alfajiri ya safari, likapona basi lilipoondoka. Spea zikawa zinaletwa na makondakta, na Aroni akajisemea kwamba huenda wanawake wa Nyololo hawapendi kubaki peke yao.

Mambo yangebaki hivyo mpaka kaburini kama Mzee Ashok asingenunua boti.

Ashok ana duka la spea mjini, karibu na soko. Yeye kazaliwa Iringa, baba yake kazaliwa Iringa, na Kihehe cha kugombana anakijua kuliko vijana wengi wa Kihehe. Miaka arobaini alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ile ile na mkewe Usha, ambaye watu humwita mama Komal kwa jina la binti yao. Sasa daktari mmoja wa mifugo, mgeni, alikuwa anarudi kwao, akamuuzia Ashok boti ya tanga iliyokaa juu ya trela: futi ishirini na mbili, faiba nyeupe, vitanda viwili, injini ndogo, na jiko la kutosha sufuria moja. Ashok aliiegesha uani nyuma ya duka, akatazama video za kuendesha tanga mwezi mzima, kisha akamwita Aroni.

"Nahodha," akasema, "nataka kumpeleka mama Komal Ziwa Nyasa. Matema, wiki nzima. Amekubali kwa masharti. Anataka taa ya kusomea, feni na chai. Anasema yeye hawezi kukaa gizani na samaki."

"Nilisema samaki na mbu," Usha alisahihisha kutoka dukani.

Aroni alichungulia ndani. Kulikuwa na betri moja ya gari iliyovimba, waya zilizoota kutu ya kijani, taa mbili zilizokufa zamani, na swichi zilizojaa viota vya nyigu.

"Bosi, hii mimi siku hizi..." alianza.

"Iringa nzima mtu wa meli ni mmoja," Ashok alimkata. "Nimpe nani? Fundi redio?"

Wateja watatu dukani waligeuka kumtazama Nahodha. Aroni akasema haya, ingawa ukilinganisha na alivyovizoea, hiki ni kimtumbwi tu.

Alipofika nyumbani akamweleza mkewe. Evarista alisimamisha cherehani.

"Hilo ziwa linatokea wapi?"

"Ng'ambo ni Malawi. Kule chini Msumbiji."

"Na Msumbiji kuna bahari."

"Ipo."

"Na mimi nakuja," Evarista alisema, akaendelea kushona. Aroni alidhani ni fahari ya mke wa nahodha.

Kazi yenyewe, kwenye karatasi, ilikuwa safi. Betri mbili za sola kwa ajili ya taa na feni. Betri ya tatu peke yake kwa injini, ili mama Komal akisoma mpaka achoke injini isikose nguvu asubuhi. Paneli ya sola juu ya paa, na kontrola yenye kioo kidogo cha kusoma nguvu ya betri. Kila mstari na fyuzi yake. Chini kabisa, pampu ya kutoa maji, yenye boya dogo pembeni: maji yakipanda, boya linainuka, pampu inawaka yenyewe. Waya zote ziwe za kupakwa bati, zisiliwe na unyevu. Hizo Ashok aliziagiza Dar, na kondakta akazileta.

Siku ya tano Aroni aliwaita Ashok na Usha washuhudie. Akabonyeza swichi ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Feni haikutikisika hata kwa adabu.

Kwenye gari, kwa asiyejua, waya ya chanya unaipeleka mpaka kwenye taa, lakini ya hasi huirudishi popote. Unaifunga hapo hapo kwenye chuma cha bodi, na bodi nzima ya gari ndiyo inayourudisha umeme kwenye betri. Mikono ya Aroni imefanya hivyo miaka thelathini, hata yeye akiwa anawaza pambio la Jumapili. Sasa ilikuwa imefunga waya za hasi ishirini na moja, kwa skrubu nzuri zisizoshika kutu, kwenye bodi ya faiba. Angezifunga kwenye ndoo ya plastiki ingekuwa yale yale.

"Tatizo?" Ashok aliuliza.

"Hii ilikuwa hatua ya kwanza," Aroni alijibu bila kupepesa. "Meli huwa tunaipima kwanza kama inakataa umeme. Hii imekataa vizuri."

Ashok aliliandika hilo kwenye daftari lake. Aroni akatumia siku nne kuvuta waya ishirini na moja za kurudi, akitokwa na jasho kuliko kawaida.

Hatua ya pili ndiyo iliyomponza. Masika yalikuwa yameshika, na asubuhi moja alikuta maji ya mvua yamejaa chini ya kitanda, yamebakiza vidole viwili kulifikia boksi la betri, na pampu bado haijaunganishwa. Sasa muulize fundi yeyote wa malori, maji yakituama kwenye boksi la betri unafanyaje. Hatakujibu, atachukua drili. Unatoboa chini, maji yanashuka, waya zinakauka, maisha yanaendelea. Aroni akafunga kwenye drili lile jino la duara analotobolea mahali pa taa za pembeni, akatoboa tundu safi, la upana wa dole gumba, pale chini kabisa. Maji yakaondoka kwa sauti ya mtu anayemalizia uji. Aroni akatabasamu. Akainama kuchungulia kwenye tundu, akaziona kokoto za uani kwa Ashok, akamwona kuku anapita.

Tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka.

Angeweza kusema. Iringa wapo watu wa kuziba matangi ya faiba, na kwao hiyo ni kazi ya kabla ya chai. Lakini utaanzaje kumwambia mtu kwamba fundi wa meli, Nahodha mwenyewe, ameitoboa meli chini? Habari ingefika sokoni saa nne, na kwa Evarista saa nne na dakika tano, na ndoa yenyewe ndiyo hiyo imekaa juu ya meli. Aroni alikata kipande cha raba ya tairi, akakishindilia tunduni, akapaka silikoni juu na chini, akatandika zulia. Kisha akaomba Mungu, kwa mara ya kwanza maishani, asipewe nafasi ya kupanda alichokitengeneza.

Hakusikilizwa. Siku ya safari Ashok alikuja na pikapu mpaka bandani, trela na boti nyuma, akanyoosha kidole ukutani. "Tunatengeneza na...?"

"Tunapanda," alisema Aroni, kwa sauti ya nne.

Wakaondoka wanne, Ashok kwenye usukani, Usha mbele, Aroni na Evarista nyuma. Barabara nzima watu walisimama kuitazama boti ikipita kati ya misitu ya Mufindi. Nyololo waliegesha, maana huwezi kupita kwa wakwe bila kusimama. Mama mkwe, bibi Marta, miaka themanini na moja, alitoka na fimbo yake. "Kamwene," walisalimiana. Bibi aliigusa boti, akaitazama kuanzia mbele mpaka nyuma bila haraka.

"Kumbe imekuja kweli," alisema. Akamshika binti yake mkono, na machozi yakamlengalenga.

Aroni alitazama chini. Mama wa watu analia kwa furaha, na chini ya zulia kuna raba ya tairi. Bibi Marta akampa Evarista furushi la mahindi mabichi, akamwambia maneno ya chinichini ambayo Aroni hakuyasikia, na safari ikaendelea: Makambako, Mbeya, wakalala Tukuyu, kesho yake wakateremka Matema kwenye joto.

Pale pwani ya ziwa aliwangoja Lusekelo, Mnyakyusa wa makamo aliyekulia majini, ambaye Ashok alimwomba awashikie usukani kwa sababu video ni video. Lusekelo aliikagua boti, akawasha hiki, akazima kile, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akabonyeza swichi ya mwisho, na honi ya basi ikalia mpaka milimani. Wavuvi wawili waliacha nyavu zao kutazama ni basi gani limeingia ziwani.

"Hiyo ni zawadi," Aroni alisema.

"Mzee, wewe ndo Nahodha wanayemsema?"

"Ni jina tu."

Lilikuwa neno la kweli la kwanza kulisema juu ya jambo hilo kwa miaka ishirini na tisa. Lusekelo alilichukua kuwa unyenyekevu, akamheshimu zaidi.

Walitoka saa tano, ziwa limetulia. Nisiwe mchoyo: umeme ulikuwa kazi ya fundi. Feni ilizunguka, birika dogo la umeme likachemka, taa ikamwagia Usha mwanga juu ya kitabu hata mchana, kwa sababu alisema ameingoja na ataitumia. Ashok alishika kamba ya tanga huku uso wake umefunguka kama mtoto aliyeruhusiwa kutolala mchana. Evarista alikaa kwenye mlango wa chumba, hindi la kuchemsha mkononi, macho kwa mumewe. Aroni alikaa katikati, jaketi okozi mbili mwilini, moja juu ya nyingine.

Ndipo pampu ikalia. Vuuu, ikatema maji nje, ikanyamaza.

"Sikia!" Ashok alipiga makofi. "Imewaka yenyewe! Nahodha, wewe ni mtu hatari."

Baada ya dakika tano, vuuu. Baada ya tatu, vuuu. Ashok akatoa saa akaanza kuihesabia kwa furaha, akimwambia mkewe kwamba pampu ya namna hiyo hata Ulaya ni nadra. Aroni peke yake alijua kwamba pampu ya boti nzima, isiyotoboka, inapaswa kukaa kimya kutwa.

"Bosi," Lusekelo alisema, "hiyo pampu mbona haipumziki?"

"Ni mpya," Ashok alijibu.

Wingu likashuka kutoka Milima ya Livingstone, likaja na mvua. Jua lilipozimika, paneli nayo ikaacha kuleta kitu. Aroni alikitazama kioo cha kontrola: kumi na mbili nukta sita, nukta tatu, nukta moja. Feni ilianza kuzunguka kwa kutafakari.

"Ashok," Usha aliita, "hii taa inaninyima herufi."

Vuuu, ikafanya pampu, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo, na safari hii haikunyamaza. Aroni aliona jambo lote mbele yake. Betri zinakwisha, pampu itakufa, na ndani ya boti kuna watu watano ambao mmoja wao ni Evarista, mama wa binti yake Frida. Hofu ya maji ilikuwapo, hofu ya aibu ilikuwapo, lakini zote mbili zilikuwa ndogo kuliko hii ya tatu. Akafunua zulia, akakuta raba ya tairi inaogelea. Akalala kifudifudi, akazamisha mkono chini ya kitanda, akatia dole gumba tunduni. Pampu ikanywa maji yaliyobaki, ikakaa kimya.

"Baba Frida, unafanya nini huko?" Evarista aliuliza.

"Nimeziba tundu."

"Tundu gani?" Ashok aliuliza.

"Nililolitoboa."

Mvua ilisikika vizuri sana juu ya paa. Usha alifunga kitabu. "Fundi," alisema taratibu, "umetoboa boti?"

"Maji yalikuwa yametuama, mama."

Lusekelo alicheka mpaka usukani ukamponyoka. Akaudaka, akaigeuza boti kuelekea pwani. "Nusu saa tu tunafika. Mzee, usitoe hicho kidole. Kwani kwenye meli za ng'ambo huwa mnatoboa?"

"Hata mimi nauliza," Evarista alisema, akarudi kwenye hindi.

Kwa heri meli, Aroni aliwaza. Akaiambia sakafu ya boti, maana ndiyo aliyoweza kuitazama. "Mama Frida, mimi sijawahi kufanya kazi kwenye meli. Hata kupanda sijapanda. Nilikuwa natengeneza foklifti. Ni Philbert alisema, siku ya posa, na mimi nikanyamaza, kwa sababu ndicho nilichokubaliwa. Nisamehe."

Evarista alilishusha hindi katikati ya mstari. Katika maisha yao yote Aroni hakuwahi kuliona jambo hilo.

"Nani kakukubali kwa meli?"

"Baba yako."

"Baba alikukataa kwa meli!" Sauti yake ilimshtua hata Ashok. "Miezi mitatu nimelia mimi! Baba anasema mtu wa meli hana kwao, atakuachia watoto apande aende. Mama naye anasema hivyo hivyo. Nikaacha kula. Mpaka nilipomwapia baba kwamba huyu sitamruhusu aione bahari tena, ndo akakubali. Ungesema foklifti tungekupa jibu wiki ile ile!"

Kutoka chini Aroni aliuliza kwa sauti ndogo, "Na jino?"

"Jino, na paa, na mbuzi. Yule mbuzi alikuwa mzima kuliko wewe." Evarista alikuwa analia sasa, na anacheka, vyote kwa pamoja, na hakujifuta. "Halafu zile dhoruba zako! Kila ukisimulia nasema tayari, anazikumbuka. Jana pale Nyololo mama ananiambia meli imekuja, kaa naye, usimwachie. Miaka ishirini na tisa nalala mlangoni, baba Frida, nikisikia lori usiku nashtuka. Na wewe hata hujapanda!"

Aroni aliona aibu mpaka masikioni. Chini ya aibu aliona kitu kingine, chepesi, ambacho kama asingekuwa ameziba tundu kingemwinua. Alikuwa amependwa muda wote huo bila meli hata moja. Zaidi ya hapo, alikuwa amependwa pamoja na meli, jambo ambalo ni gumu zaidi.

"Dole limekufa ganzi," alisema hatimaye.

"Tutafute kizibo," Lusekelo akasema. Wakatazama huku na huku: vikombe, vitabu, kamba. Kisha macho yote, moja baada ya jingine, yakatua kwenye mkono wa Evarista. Nyumba gani ya Iringa isiyoziba dumu kwa gunzi? Lilikuwa la unene wenyewe. Lakini lilikuwa bado na mistari saba.

"Lete basi," Aroni alisihi.

"Nitamaliza kwanza," Evarista alisema, akaurudia ule mstari alioukatisha.

Mvua inanyesha, boti imetobolewa, na watu wazima wanne wanamngoja mwanamke amalize hindi. Wala hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alikula punje kwa punje, akimtazama mumewe. Usha alimpa chumvi. Mstari wa saba ulipoisha, Evarista alilikata gunzi kwa kisu cha mkate, akalizungushia mfuko wa sukari, akasema, "Toa," akalishindilia kwa kisigino cha kandambili. Halikupitisha hata tone. Kisha akakishika kile kidole cha mumewe kilichokunjamana, akakisugua mpaka kikapata joto, wakafika pwani.

Ashok alisema faiba itazibwa wakirudi Iringa, lakini wiki ile yote gunzi lilikaa, likavimba, likashika kuliko raba. Pampu haikulia tena, jambo lililomsikitisha Ashok kidogo. Usha alimaliza vitabu viwili.

Mlandege bado wanamwita Nahodha. Siku hizi anabisha: mimi fundi wa malori, meli sijui. Watu wanatazamana wakisema ona mtu mkubwa asivyopenda makuu, na jina limezidi kuota mizizi. Hilo sasa ni shauri lao.

Mwezi wa sita spea zilipungua, na Evarista ndiye aliyeleta begi likiwa limeshapangwa. "Nenda Dar ukachague mwenyewe," alisema.

"Kondakta si yupo?"

"Nenda. Ukiona meli, nipigie uniambie ina rangi gani."

Alikwenda. Akapiga simu akasema nyekundu, halafu nyingine nyeupe. Siku ya tatu jioni alirudi na maboksi yake, akamkuta mkewe jikoni anachochea kuni. Alipoingia chumbani kuweka begi, alikuta mto wake yeye umehamishiwa upande wa mlango, na wa mkewe uko ukutani.